Namna ya Kukusanya Chapa Dhahania za Nakala Chache

Nikichagua chapa, yaani picha ya sanaa inayochapwa kwa wino kutoka kwenye bamba au skrini, mimi huanza na rangi, jina la msanii baadaye. Chapa niipendayo kuliko zote ni dhahania, haichori kitu halisi: haina mti wala jani, ni matabaka ya kijani cha mwani na kijivu cha mawingu ya mvua yaliyolaliana, lakini nikiitazama naona msitu mzima. Omba kuitazama chapa kwenye mwanga wa mchana, maana taa za ndani hubadilisha kijani na buluu kabisa.

Ukishaipenda, soma pambizo la chini. 12/50 kwa penseli maana yake ni nakala ya 12 kati ya 50. Sahihi mara nyingi huwa kulia. Herufi A.P. ni nakala za msanii, nje ya hesabu hiyo. Wengi hukimbilia nambari ndogo. Kwa chapa za skrini, ambazo wino husukumwa kupitia kitambaa cha wavu, sioni sababu. Kwa bamba la shaba lililokwaruzwa kwa sindano ipo: bamba huchakaa upesi, na nakala za mwanzo hubeba mistari minene, laini kama mahameli.

Uliza pia kama msanii mwenyewe alitengeneza bamba au skrini, au ni picha ya mchoro wake iliyotolewa kwa printa. Vyote huuzwa kwa nambari na sahihi, ila si kitu kimoja. Hifadhi cheti na risiti.

Fremu iwe na kadibodi isiyo na asidi, kioo kisigusane na wino, na ukuta usipigwe na jua. Selotepu usiitumie kamwe: huacha doa la kahawia lisilotoka.