Ujasiriamali au ubunifu? Jua ulicho nacho kabla ya kuomba pesa

Ujasiriamali ni kuchukua mtaji, kukubali kuupoteza, na kuendesha shughuli inayoingiza pesa. Ubunifu ni kuleta kitu au njia inayofanya kazi kuliko ya awali, na watu wakaitumia kweli. Unaweza kuwa na kimoja bila kingine, na anayevichanganya hubisha hodi mlango usio wake.

Tazama jiko la mkaa linalofuliwa Kamukunji, soko la mafundi wa bati jijini Nairobi. La zamani lilikuwa bati tupu: joto lilipotelea ubavuni na bati likaungua upesi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 likaja jiko lenye kiuno, ndani yake kikombe cha udongo uliochomwa, chenye matundu ya kupitisha hewa na majivu, kilichoshikizwa kwa saruji iliyochanganywa na vemikulaiti, madini mepesi yanayozuia joto lisipotee. Wazo la kikombe lilitoka kwenye jiko la ndoo la Thailand. Kiuno ndicho kilichoongezwa, ili udongo ukae nusu ya juu tu na jiko lisiwe zito. Huo ni ubunifu kamili, hata kama nusu yake iliazimwa. Fundi anayefua majiko hayo leo, aliyekodi kibanda, akakopa bati na kulipa vibarua, ni mjasiriamali. Hajabuni kitu, na hilo halimpunguzii heshima hata kidogo.

M-Pesa, huduma ya kutuma pesa kwa simu, ni vivyo hivyo. Safaricom ilipoanzisha huduma hiyo mwaka 2007, ulikuwa ubunifu. Mwenye duka la wakala ni mjasiriamali, na hatari yake ni floti, yaani salio la simu la kuhudumia wateja: mtaji ukilala wote kwenye simu, mteja wa kutoa pesa anaenda duka jirani, ukiwa wote noti, wa kuweka naye anaenda.

Kupima kama una ubunifu, andika sentensi moja: zamani watu walifanya hivi, sasa wanafanya hivi, na tofauti inapimwa kwa kitu fulani. Ukikosa kipimo cha mwisho, iwe ni kilo, dakika au shilingi, bado una wazo tu.

Kisha pima. Ukidai jiko lako linaokoa mkaa, weka gramu 500 za mkaa wa gunia moja, chemsha lita 2 za maji kwa sufuria ile ile, pasipo upepo. Maji yakichemka, hamishia mkaa uliobaki kwenye debe la bati, ulifunike hadi moto ufe kwa kukosa hewa, halafu upime. Usiuzime kwa maji, kwa sababu mkaa ulioloa unaongeza uzito na hesabu yote inaharibika. Rudia mara tatu kwa jiko lako, mara tatu kwa la kawaida. Kosa linalowaponza wengi ni kuanza jaribio la pili udongo ungali na joto la kwanza; liache jiko lipoe kabisa, la sivyo matokeo yatakupendelea bila haki. Mwishowe wape majirani watano walitumie mwezi mzima. Wakirudia majiko yao ya zamani, waulize sababu na uiandike, maana hapo ndipo kazi iliyobaki ilipo.

Ujasiriamali hupimwa kwa hesabu. Tuseme bati, udongo, saruji na kazi vinafika shilingi 650 kwa jiko, nawe unauza 900. Unabaki na 250. Kodi, leseni na usafiri vikifika 15,000 kwa mwezi, majiko 60 ya kwanza yanalipa gharama tu, na faida inaanza na la 61. Weka pia ujira wako mwenyewe na vikombe vinavyopasuka. Udongo ukiingizwa tanuuni kabla haujakauka, maji yaliyobaki ndani hugeuka mvuke na kuupasua. Hasara hiyo ni gharama ya kila mwezi, iandikwe.

Sasa chagua mlango. Biashara inayojulikana, yenye wateja na hesabu inayosimama, inafaa mkopo: chama, sacco, au mifuko ya serikali ya Kenya kama Mfuko wa Vijana na Hustler Fund. Tafadhali usifanyie majaribio pesa za mkopo. Marejesho yatakudai kabla jiko halijapata umbo lake. Majaribio yanahitaji ruzuku au akiba yako, na kwa upande wa ubunifu serikali ina KeNIA, wakala wa taifa wa ubunifu uliotokana na sheria ya mwaka 2013.

Ulinzi wa kisheria unaombwa KIPI, taasisi ya Kenya ya mali ya viwanda. Hataza (patent), haki ya pekee ya mbunifu juu ya alichobuni, hudumu miaka 20 tangu siku ya ombi. Fundi wa jua kali aliyeboresha kifaa kilichopo aulizie cheti cha modeli ya matumizi: hudumu miaka 10 na masharti yake ni mepesi kuliko ya hataza. Vyote viwili vinataka kitu kipya, kwa hiyo peleka ombi kwanza, ndipo uonyeshe kwenye maonyesho au TikTok.

Mwenye vyote viwili atenganishe daftari: moja la majaribio, jingine la uzalishaji. Usipotenganisha, jiko la kwanza litaonekana limegharimu mara kumi ya bei yake, na afisa wa mkopo hatakuwa na namna ya kujua kwamba la mia linagharimu 650.