Jinsi ya Kuandika Maisha ya Mwinyi wa Ayalandi ya Kale

Wengi wetu hapa Nairobi tuliijua Ayalandi kupitia masista na mapadre waliotufundisha shuleni, kwa hivyo tukitaka kuandika habari za mtu wa huko aliyeishi zaidi ya miaka mia sita iliyopita huwa hatujui tushike wapi. Mwongozo huu unamchukua mtu mmoja awe mfano: Gerald FitzGerald, bwana wa tatu wa Desmond, kusini-magharibi mwa kisiwa hicho, ambaye Waayalandi humwita Gearóid Iarla. Alikuwa mzao wa walowezi waliovuka bahari katika karne ya 12, alimtumikia mfalme wa Uingereza, na papo hapo alitunga mashairi kwa Kiayalandi.

Kabla ya kusoma chochote, chukua daftari uugawe kila ukurasa kwa mstari wa katikati. Kushoto andika yanayotoka katika nyaraka za serikali ya mfalme, yaani barua, vibali na hukumu. Kulia andika yanayotoka kwa Waayalandi wenyewe, yaani tarikhi zilizoandikwa mwaka baada ya mwaka, pamoja na mashairi. Usiharakishe kuziunganisha pande hizo. Kushoto utamwona Gerald akiwa naibu wa mfalme nchini kuanzia 1367 hadi 1369. Kulia utamwona malenga, ambaye mashairi yake yapatayo thelathini yamehifadhiwa katika muswada mmoja wa kale unaoitwa kwa jina la mji wa Fermoy. Sasa kumbuka kwamba mwaka 1366 bunge lililoketi Kilkenny lilikuwa limewakataza walowezi kuzungumza Kiayalandi, kuoana na Waayalandi na kuwapa watoto wao wawalee, na sheria yenyewe ikaandikwa kwa Kifaransa. Mwaka uliofuata, aliyepaswa kuisimamia alikuwa huyo huyo malenga.

Jihadhari na msamiati. Ukimwita chifu, msomaji wa Nairobi atamwona ofisa wa serikali aliyevaa kaki, anayeitisha baraza na kuzipiga muhuri barua za kuombea kitambulisho. Ukimwita gavana, atafikiria kaunti. Mimi hutumia neno mwinyi, kwa kuwa watu wa pwani walimwita hivyo mtu mwenye nasaba na mamlaka, ingawa nakiri kwamba linamfanya Gerald anukie karafuu kidogo.

Tarehe ndizo zitakazokusumbua zaidi. Makarani wa mfalme walihesabu miaka ya utawala, wakaandika, kwa mfano, mwaka wa 12 wa Richard wa Pili. Mfalme huyo alianza kutawala tarehe 22 Juni 1377, hivyo mwaka wake wa kwanza uliisha tarehe 21 Juni 1378, na wa 12 ukaanza tarehe 22 Juni 1388. Barua ya Desemba ya mwaka huo wa 12 ni ya 1388, lakini ya Machi ni ya 1389. Aliyezoea kugeuza Hijria kuwa Miladia hatatoka jasho.

Barua hiyo ya Desemba 1388 ipo kweli, na inafaa kwa zoezi. Ndani yake mfalme anamruhusu Gerald kumpeleka mwanawe James akalelewe na Conor O'Brien, mtu wa ukoo wa Kiayalandi uliotawala eneo la Thomond, jambo ambalo sheria ya Kilkenny ililikataza. Ukiisoma peke yake utaiona kuwa kibali tu. Tazama kulia: mwaka 1370 Brian O'Brien, bwana wa Thomond, alimshinda Gerald vitani karibu na nyumba ya watawa ya Monasteranenagh, akamteka, na katika mashairi yake mwinyi huyo analalamikia kifungo. Baada ya miaka 18, akamtoa mtoto wake akalelewe na ukoo ule ule uliomfunga. Yaandike mambo haya mawili yakifuatana, bila kumbunia Gerald sababu. Kwa Waayalandi wa zama hizo, kumlea mtoto wa mwenzio kulifunga udugu kati ya nyumba mbili, na maelezo hayo yanatosha.

Utashawishika kumlinganisha na Fumo Liyongo, naye malenga aliyefungwa. Linganisha kwa sentensi moja, kisha uache, maana Gerald hakuletewa mkate wenye tupa ndani.

Upande wa kushoto utakuwa na mapengo. Juni 1922, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, hifadhi ya nyaraka huko Dublin iliteketea, na kwa hati nyingi tunategemea nakala na mihtasari iliyofanywa kabla ya moto. Chuo cha Trinity, Dublin, kimekusanya masalio ya barua za mfalme, na chuo kikuu cha mjini Cork kimeweka tarikhi pamoja na tafsiri zake kwa Kiingereza. Vyote husomwa bure katika intaneti, ila pakua mapema kabla bando halijaisha.

Ngano iache mwisho, chini ya kichwa chake yenyewe. Katika mstari wa kifo andika 1398 tu. Ukishafunga aya hiyo, ndipo usimulie ziwa Gur, ambako inasemekana Gerald amelala chini ya maji, na kila mwaka wa saba huibuka juu ya farasi mwenye viatu vya fedha, asiweze kufunguliwa mpaka viatu hivyo vitakapolika.