Kubadilisha sensa ya oksijeni nyumbani bila kuua meno ya ekzosi

Kufungua sensa ya oksijeni, ile inayopima oksijeni kwenye moshi wa ekzosi, ni kazi ya spana moja. Ukiweza kubadilisha plagi, hii nayo unaiweza. Pesa nyingi hupotea kabla spana haijashikwa: taa ya injini imewaka, mashine ya kupimia imetaja sensa, mtu anakimbilia dukani. Mashine haikusema sensa imekufa. Imesema sensa imeleta habari mbaya, na mjumbe hauawi.

Kwa hiyo soma kodi, yaani namba za hitilafu ambazo mashine hutoa, kwa utulivu. P0135 na P0141 zinahusu hita iliyo ndani ya sensa, na hapo sensa yenyewe ni mshukiwa wa kweli, ingawa mimi hutazama fyuzi kwanza kwa sababu fyuzi ya hita ikiungua huja malalamiko hayohayo. P0133 ni sensa inayochelewa kujibu. Mara nyingi ni uzee. P0171 ni habari nyingine kabisa: inasema hewa imezidi kiasi kinachofaa kwa petroli iliyopo, na kosa mara nyingi huwa ni mpira wa hewa uliopasuka, au ekzosi inayovuja kabla ya sensa na kuvuta hewa ya nje. P0420 ni malalamiko juu ya masega, yaani kisafisha moshi kilicho kwenye ekzosi, na kubadilisha sensa kwa kodi hiyo pekee ni kamari.

Jirani yangu mmoja aliniletea gari lililokuwa limeshawekewa sensa mpya na bado taa inawaka. Nilimwambia aliwashe likiwa baridi, nikainama karibu na manifoldi, pale ekzosi inapoungana na injini. Ilisikika tsi-tsi-tsi, na pembeni ya gasketi kulikuwa na mstari wa masizi mweusi, mwembamba kama wanja. Sensa yake ya zamani ilikuwa nzima.

Kuipima hita hakuhitaji ufundi mkubwa. Sensa nyingi zina waya nne, na mbili zenye rangi moja kwa kawaida ndizo za hita. Chomoa konekta injini ikiwa baridi, gusa hizo mbili kwa multimita. Ukiona omu chache, hita ipo. Ukiona mita haisomi kitu, hita imekatika na huna haja ya kubishana zaidi.

Jua pia ni ipi unayoitafuta. Benki ya 1 ni upande wenye silinda ya kwanza. Sensa ya 1 iko kabla ya masega, sensa ya 2 iko baada yake. Kwenye injini nyingi za silinda nne zilizopangwa mstari mmoja benki ni moja tu, kwa hiyo hilo halisumbui. Kwenye V6 ndipo watu hufungua ya upande usiohusika. Unaponunua, linganisha namba ya sensa na ya gari lako. Sensa ya kawaida ya zirkonia hupeleka volti zinazopanda na kushuka kati ya takriban 0.1 na 0.9, lakini magari mengi hutumia mbele sensa ya aina nyingine inayopima uwiano wa hewa na mafuta. Hata meno ya skrubu yakilingana, moja haishiki nafasi ya nyingine.

Sasa kazi yenyewe. Jioni ya kuamkia siku hiyo, ekzosi ikiwa imepoa kabisa, pulizia mafuta ya kulegeza kutu kwenye shina la sensa, uyaache yanywee. Usiyapulizie kwenye bomba la moto, yanawaka. Kesho yake washa injini dakika chache, gari likiwa mahali pa wazi, kisha zima. Bomba vuguvugu huachia kirahisi kuliko la baridi, ila vaa glavu nene. Kama unaingia chini, gari likae juu ya stendi na magurudumu yazuiwe. Jeki ni ya kuinulia, si ya kulalia chini yake.

Piga picha njia ya waya kwa simu, kisha chomoa konekta kabla ya kuzungusha chochote, maana waya huzunguka pamoja na sensa. Plastiki yake imepikwa na joto miaka mingi, bonyeza kilimi taratibu.

Spana ni 22 mm. Boksi maalumu lenye mwanya wa kupitisha waya ni zuri, lakini likikutana na sensa iliyoganda hupanuka. Ukishahakikisha mpya ndiyo yenyewe na konekta yake inaingia, kata waya wa ile mbovu uitumie spana ringi kamili. Spana ya mdomo wazi iache kwenye sanduku la zana. Italainisha kona na utabaki unaitazama.

Ikianza kulegea halafu ikawa nzito tena, acha nguvu. Rudisha kidogo kwa kukaza, pulizia bomba likipoa, legeza tena, nenda hivyo mbele na nyuma. Anayelazimisha hapa hutoka na sensa iliyobeba meno ya bomba. Yakiwa yameumia kidogo, tapu (chombo cha kuchongea meno) ya M18×1.5 huyasafisha.

Sensa mpya nyingi huja na grisi ya kuzuia kuganda imeshapakwa kwenye meno, basi usiongeze. Isipokuwepo, paka kidogo kwenye meno tu, ncha isiguswe hata kwa kidole chenye mafuta. Tangu Bosch na Volvo walipoiingiza barabarani mwaka 1976, sensa hii haijawahi kupatana na risasi ya petroli wala silikoni, kwa hiyo gundi ya gasketi isikaribie hapo. Ianze kwa mkono, ijizungushe mizunguko kadhaa bila ubishi, ndipo ukaze. Kipimo cha magari mengi ni kati ya 40 na 50 Nm. Kitabu cha gari lako kikisema vingine, fuata kitabu. Waya urudi kwenye vibanio vyake, mbali na bomba. Usikubali sensa ya kuunganisha waya kwa risasi ya kuchomelea: sensa nyingi huvuta hewa ya kulinganishia kupitia humohumo ndani ya waya.

Futa kodi, washa, sikiliza kama kuna uvujaji, kisha endesha mwendo wa kawaida, mjini na barabara kuu, ili kompyuta imalize vipimo vyake. Kodi ya hita ikirudi na sensa ni mpya, usinunue nyingine. Rudi kwenye konekta upande wa gari, swichi ikiwa imewashwa na injini ikinguruma, upime kama umeme wa hita unafika.