Kabla ya kupiga seng'enge
Ukinunua shamba pande za Njoro au Molo, kule Nakuru, Kenya, usitosheke na taitoli. Nenda ofisi ya ardhi uombe ramani ya eneo, uone barabara imechorwa wapi. Kisha tembea shambani alfajiri. Ukikuta kinjia kimekanyagwa hadi nyasi zimeisha, mavi ya ng'ombe mabichi na nyayo za watoto wa shule, uliza wazee kabla ya kuchimba shimo la posti. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi, 2012, hulinda haki ya njia iliyokuwapo shamba liliposajiliwa mara ya kwanza, hata isipoandikwa kwenye taitoli. (Kupitishwa kwa hisani ya jirani tu, bila haki ya njia, ni jambo jingine.) Mimi niliziba njia kama hiyo bila kuuliza, nikaishia kung'oa posti 12 zangu mwenyewe, majirani wakitazama.