SOMO: Kubadili mita za ujazo za lami kuwa tani (soma kabla ya kunifuata inboksi)

Wakuu, swali ni lile lile kila wiki: "mtaa wangu uko hivi, niagize tani ngapi?" Naandika mara moja. Atakayerudia namrushia linki.

Nazungumzia lami ya moto, ile inayotoka kiwandani ikiwa imeshachanganywa na kokoto. Mfano: urefu mita 200, upana mita 6, unene sm 5.

1. Urefu mara upana: mita za mraba 1,200.

2. Geuza unene uwe mita, yaani 0.05, kisha zidisha: mita za ujazo 60.

3. Zidisha kwa densiti (uzito wa mita moja ya ujazo), tani 2.35: tani 141.

Hatua ya 3 ndiyo inayokula hela za watu. Hiyo 2.35 ni ya lami iliyokwisha kushindiliwa, kwa hiyo unene nao uwe wa baada ya kushindilia. Mashine ikitandaza, lami husimama sm 6 na ushee ndipo roli ya kushindilia ishushe hadi 5. Mtu anachomeka rula kwenye lami laini, anasoma 6.2, anazidisha kwa 2.35 na kuagiza tani 175. Tani 34 za bure, na lami ya moto hairudi stoo kama saruji. USICHANGANYE unene wa kabla na densiti ya baada.

Kosa la pili ni kuhesabu bodi la tipa. Lami iliyo kwenye bodi imejaa hewa. Kubiki 10 za bodi hazitoi kubiki 10 barabarani. Agiza kwa tani, pokea kwa risiti ya mizani.

Tena 2.35 ni ya kukadiria tu. Kokoto nzito kama basalti huipandisha. Maabara ya kiwanda inayo densiti ya Marshall (ya sampuli ya mchanganyiko wao iliyoshindiliwa maabara), waombe.

4. Ongeza asilimia 5 ya upotevu: tani 148.

5. Gawa kwa mzigo wa tipa. Tani 15 kila moja, tipa 10.

MASWALI

kijana_wa_saiti: Mkuu, tipa moja inafunika mita ngapi?

Mwandishi: Tipa ya tani ngapi? Unene gani? Rudi juu.

kijana_wa_saiti: Mbona mkali, nimeuliza tu.

Mwandishi: Sm 5 ni kama kilo 118 kwa mita ya mraba. Gawa mwenyewe.

mama_vipimo: Nami nauliza: bitumeni yenyewe (ile nyeusi inayogandisha kokoto) tunanunua kwa kilo, tanki linasoma lita. Nitumie kilo 1.02 kwa lita?

Mwandishi: Swali zuri, dada. 1.02 ni ya nyuzi 25. Ikichemshwa hadi 160 hutanuka, inashuka karibu 0.94. Lita 1,000 za moto ni kilo 940 hivi, siyo 1,020. Ukisoma tanki la moto kwa 1.02, hesabu inakuonyesha kilo 80 ambazo hazimo. Andika joto kila unaposoma geji.

mbongo_ughaibuni: Huku Marekani tunakadiria paundi 110 kwa yadi ya mraba kwa kila inchi ya unene. Nimebadilisha, inatoka 2.35 ile ile.

Mwandishi: Safi sana, hiyo sikuwa nayo.

kokoto_nusu: Kama chini kuna mabonde?

Mwandishi: Pima usawa kila mita 10, kati na pembeni, upate wastani wa unene. Wastani ukizidi mm 5 tu, umeongeza tani 14 kwenye mfano huu. Bora uyazibe mabonde kwanza.

kijana_wa_saiti: Nimepata mita 127 za mraba kwa tani 15.

Mwandishi: Sasa toa ile asilimia 5.