Uvimbe mbele ya sikio: kutuma kinyama kutoka Tabora kikafika kizima

Nimeandika haya baada ya kumwelekeza tabibu mwenzangu wa Urambo namna ya kutuma kinyama, yaani kipande cha uvimbe cha kupimwa maabara.

1. Mkague mgonjwa. Saratani ya seli za skwamasi (seli bapa kama zile za ngozi) inayoanzia kwenye tezi ya mate yenyewe ni adimu. Ikikutwa kwenye parotidi, tezi ya mate iliyo mbele ya sikio, mara nyingi imetoka kwenye ngozi ya kichwa, sikio au uso. Mvue kofia, pekua nywele, tazama nyuma ya masikio na ndani ya mdomo. Uliza kama amewahi kutolewa kidonda. Mwenye ualbino muulize mara mbili. Kisha afumbe macho kwa nguvu na aoneshe meno. Upande mmoja wa uso ukilegea, rufaa isingoje.

2. Sampuli. Anza na sindano nyembamba, geji 23. Kupasua uvimbe huu kituoni sikubaliani nako kabisa: neva ya uso inapita ndani ya tezi. Kinyama akikate daktari wa upasuaji.

3. Chupa. Hapa ndipo sampuli nyingi hufia. Kinyama huhifadhiwa kwenye fomalini, dawa ya kuzuia kisioze. Changanya sehemu 1 ya fomalini kali (ile ya asilimia 37 hadi 40) na sehemu 9 za maji. Ya bafa (iliyotiwa chumvi za kuzuia uasidi) ikipatikana, tumia hiyo. Ujazo uwe mara 10 ya kinyama. Maji ya dripu hapana, nyama itaozea humo. Kugandisha kwenye friza pia hapana, barafu hupasua seli. Fomalini hupenya polepole, kama milimita 1 kwa saa, kwa hiyo kipande kikubwa kipasuliwe kwanza. Chupa iwe ya plastiki, mdomo mpana. Vichupa vya sindano tupa: kinyama huingia kikiwa laini, kikishakuwa kigumu hakitoki bila kukatwakatwa. Jina liandikwe kwa penseli, ubavuni mwa chupa. Vifuniko hubadilishana maabara. Na slaidi, vile vioo vilivyopakwa seli za sindano na kukaushwa kwa hewa, zisisafiri boksi moja na fomalini, hata kama kondakta wa basi la Mwanza anataka mzigo mmoja. Mvuke wa fomalini huziharibu, rangi haishiki vizuri.

4. Fomu. "Uvimbe shingoni" haitoshi. Taja tezi, upande, muda, na kidonda chochote cha ngozi kilichowahi kutolewa. Chini ya hadubini, saratani iliyoanzia kwenye tezi na iliyohamia hapo hufanana. Historia ndiyo inayozitenganisha.

5. Rufaa. Tiba kwa kawaida ni upasuaji, na mara nyingi mionzi hufuata, katika hospitali ya Bugando (Mwanza) au Ocean Road (Dar es Salaam). Andika namba mbili za simu: ya mgonjwa, na ya ndugu anayebaki nyumbani wakati yeye yuko shamba la tumbaku.