Unatafuta nyumba nje ya Boston? Anza na zamu yako

Mgeni akitua Boston, katika jimbo la Massachusetts, Marekani, wenyeji humwambia neno moja: nenda mji wa Lowell, Wakenya wako huko. Ni kweli wako, tena wengi, na Wakongo nao wamepata makao pale. Unga wa ugali hautautafuta mbali, na Jumapili utasalimiwa kwa Kiswahili mlangoni pa kanisa. Lakini kutoka Lowell hadi katikati ya Boston ni yapata kilomita 40. Kama unatunza wagonjwa au wazee, kazi iliyowapokea wengi wetu huku, usianze kwa kuuliza kodi. Anza na zamu yako: inaanza saa ngapi, inaisha saa ngapi?

Nyumba nyingi za wazee hubadilishana zamu saa moja asubuhi, saa tisa alasiri na saa tano usiku. Treni za Lowell huishia North Station, stesheni ya Boston, na usiku huwa ni chache. Mwaka wangu wa kwanza, mwenzangu wa kunipokea zamu alichelewa siku moja ya Februari, treni ya mwisho ikaniacha, na teksi ikala karibu ujira wote wa usiku ule. Kumbuka pia kwamba treni za miji ya Brockton na Worcester huishia South Station, stesheni nyingine ya Boston, na stesheni hizo mbili haziunganishwi na treni ya moja kwa moja. Ukiishi upande mmoja na kazi iko upande wa pili, kila siku utabadilisha treni za mjini.

Mji wa Malden uko kwenye Orange Line na Quincy kwenye Red Line, njia za treni za mjini Boston. Kodi huko ni ya juu kuliko Lowell, lakini treni za mjini hupita mara nyingi zaidi, na waweza kuishi bila gari. Andika kodi, nauli, mafuta na bima kwenye karatasi moja kabla ya kusema mji fulani ni nafuu. Bima yenyewe hutegemea mji ambamo gari linalala.

Mwenye mtoto mdogo ana hesabu nyingine, na hapo ndipo naiheshimu Lowell kwa dhati. Ukipangiwa zamu ya usiku, nani atalala na mtoto? Jirani wa kwenu, ambaye nawe utamshikia wake akienda zamu ya asubuhi, ana thamani kuliko stesheni iliyo karibu. Nimeona familia zikihama nyumba nzuri kwa sababu ya jambo hili tu, na sikuwalaumu.

Kuhusu mkataba, sheria ya jimbo iko upande wako kuliko unavyodhani. Unapoingia, mwenye nyumba anaweza kukudai kodi ya mwezi wa kwanza, kodi ya mwezi wa mwisho, amana isiyozidi kodi ya mwezi mmoja, na gharama ya kufuli jipya. Basi. Kuanzia Septemba 15 hadi Mei 31 nyumba lazima iweze kupata joto la nyuzi 68 za Fahrenheit mchana, yaani 20 za Selsiasi, na 64 usiku. Uliza nani analipia mafuta ya kupasha joto. Kama mkataba hausemi kwa maandishi kwamba ni wewe, ni mwenye nyumba. Kama ni wewe, omba kuona bili za Januari na Februari, maana katika nyumba kuukuu za mbao joto hupotea kwa kila ufa. Nyumba iliyojengwa kabla ya 1978 yaweza kuwa na rangi yenye madini ya risasi (lead), ambayo ni sumu. Ukiwa na mtoto wa chini ya miaka 6, mwenye nyumba anawajibika kuishughulikia, na haruhusiwi kukukataa kwa sababu ya mtoto huyo.

Kisha, kabla ya kutia sahihi, safiri njia yako usiku, saa ile ile ya kutoka kazini, mlango kwa mlango. Mimi nilifanya hivyo nilipotafuta nyumba ya pili. Ile ya bei nafuu niliiacha: basi la jioni lilikoma kabla zamu yangu haijaisha, na nusu saa iliyobaki ilikuwa ya kutembea barabarani, kwa kuwa njia ya miguu ilikuwa imefukiwa na theluji.